Sura ya 5: Jina Linalohimili Kukaguliwa

Wafanyabiashara wa Kariakoo wana utaratibu wa siku nyingi uitwao mali kauli. Mwenye duka la jumla humpa mchuuzi mzigo bila kupokea hata senti, kwa makubaliano kwamba mzigo ukishauzwa fedha italetwa na faida itabaki kwa mchuuzi. Mara nyingi hakuna hata karatasi. Dhamana ni jina la mchuuzi: mwenye duka anajua anakokaa, anamjua aliyemleta, na amesikia kwa wenzake jinsi alivyolipa mizigo ya nyuma. Akila fedha za mmoja, habari zitazagaa mtaani kabla jua halijachwa, na hatapewa tena hata boksi la soksi. Mtandaoni masharti hayo hayapo. Mnunuzi aliye Mwanza hajui anakokaa fundi wa Dar es Salaam, hamjui aliyemleta, na ukurasa uliomtapeli leo unaweza kufutwa usiku na kufunguliwa upya asubuhi kwa jina jingine. Sura hii inajibu swali moja: pale ambapo hakuna jirani wa kukushuhudia, mtu asiyekujua aanzie wapi kukuamini? Jibu langu ni kwamba jina la kuaminika halitokani na namna unavyojitangaza, bali na kiasi cha kazi yako unachokiacha wazi ili mgeni aikague bila kukuomba ruhusa.

Tuanze na sababu ya maneno matamu kutotosha. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, baada ya majarida matatu kuikataa. Hoja yake ni rahisi. Muuzaji anajua kasoro za gari lake, mnunuzi hazijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati. Bei hiyo inamuumiza mwenye gari zima, naye ataliondoa sokoni. Mwenye bovu ataipokea kwa mikono miwili. Mwisho wake magari mabovu yanayafukuza mazima. Ndivyo ilivyo kwa biashara nyingi za mtandaoni. Mteja aliyewahi kutuma fedha ya gauni akaletewa kitambaa cha ajabu, au asiletewe kitu kabisa, hamwadhibu tapeli peke yake. Anamwadhibu kila mshonaji atakayemfuata, kwa kumwambia kwamba atalipa mzigo ukifika, au kwa kushusha bei ili akipata hasara iwe ndogo. Mshonaji mwaminifu analipa deni la watu asiowajua. Hawezi kulikwepa kwa kuandika kwamba yeye ni mwaminifu, maana hata tapeli aliandika hivyohivyo.

Njia ya kutokea ilionyeshwa mwaka 1973 na mwanauchumi mwingine, Michael Spence, ambaye baadaye, mwaka 2001, alishiriki Tuzo ya Nobel na Akerlof na Joseph Stiglitz. Spence alitazama waajiri wanaoajiri watu wasiowajua, akasema kwamba ishara inabeba maana pale tu inapomgharimu asiyestahili zaidi ya inavyomgharimu anayestahili. Ishara ambayo wote wawili wanaipata kwa gharama ileile haimwambii mtazamaji lolote. Chukua kipimo hicho, kisha pitia wasifu wa watu kumi mtandaoni. Mmoja ni mkurugenzi mtendaji wa kampuni yenye mtu mmoja. Mwingine ni namba moja Afrika Mashariki, bila kusema ni nani aliyehesabu. Wa tatu amepiga picha kando ya gari la kukodi. Wa nne ana wafuasi elfu hamsini, lakini picha zake zinapata maoni manne, mawili kati yake ya chawa wake. Hakuna hata kimoja hapo ambacho mwongo angeshindwa kukipata kwa bei ileile.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa tiki ya bluu ya Twitter. Kuanzia mwaka 2009 tiki hiyo ilionyesha kwamba mtandao wenyewe umethibitisha kuwa akaunti ni ya yule anayetajwa. Ilikuwa na upungufu wake, na wengi waliiona kama cheo cha mabwana wakubwa, lakini ilikuwa na sifa moja: hukuweza kuinunua dirishani. Novemba 2022, baada ya Elon Musk kuununua mtandao huo, tiki ikaanza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Ndani ya siku chache mtu akafungua akaunti yenye jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akalipia tiki, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni halisi ililazimika kujitokeza na kuwaomba radhi waliopotoshwa. Mara alama ilipoanza kupatikana kwa yeyote mwenye dola 8, ilibaki kuonyesha kwamba mtu amelipa dola 8, basi.

Ni ishara gani basi inayomgharimu mwongo? Mwaka 2012, katika mji wa Leicester nchini Uingereza, Eliot Higgins alianza kuandika mtandaoni kuhusu vita vya Syria kwa jina la Brown Moses. Hakuwa mwandishi wa habari. Hakuwahi kuwa askari, hakujua Kiarabu, na hakuwa na taasisi nyuma yake. Kwa vipimo vya kawaida vya kujijengea jina, hakuwa na cha kuweka kwenye wasifu. Alichofanya ni kutazama video ambazo wapiganaji na raia wa Syria walikuwa wakizipandisha YouTube, kulinganisha kila kombora na bunduki na picha za vitabu vya silaha, kisha kuandika alichokiona pamoja na video yenyewe pembeni. Mapema mwaka 2013 aligundua kwamba silaha zenye asili ya iliyokuwa Yugoslavia zimeanza kuonekana mikononi mwa waasi. Gazeti la New York Times lilifuatilia, likaandika habari ya silaha zilizonunuliwa na Saudi Arabia kutoka Croatia.

Julai 2014 Higgins alianzisha Bellingcat, na siku chache baadaye, tarehe 17, ndege ya abiria ya Malaysia, safari MH17, ikatunguliwa mashariki mwa Ukraine na kuua watu wote 298. Ikajitokeza video fupi ya gari la kurushia makombora aina ya Buk likisafirishwa barabarani, kombora moja likiwa halipo. Serikali ya Urusi ilidai kwamba video hiyo ilipigwa katika mji uliokuwa mikononi mwa jeshi la Ukraine. Bellingcat haikujibu kwa kusema tuaminini sisi. Ilichukua vitu vilivyokuwa nyuma ya gari lile, yaani bango la matangazo kando ya barabara, nguzo na nyaya za juu, na miti, ikavilinganisha na picha za setilaiti na za mtaani, na kuonyesha kwamba mahali hapo ni Luhansk, mji uliokuwa mikononi mwa waasi walioungwa mkono na Urusi. Aliyetilia shaka aliweza kufungua video ileile na ramani ileile, akahakiki mwenyewe. Uchunguzi wao uliofuata uliihusisha Buk hiyo na Brigedi ya 53 ya Urusi, yenye makao Kursk. Mei 2018 timu ya pamoja ya wachunguzi iliyoongozwa na Uholanzi ilifikia hitimisho hilohilo kwa njia zake yenyewe. Novemba 2022 mahakama ya Uholanzi iliwatia hatiani watu watatu wakiwa hawapo mahakamani.

Ukilinganisha pande mbili hizo kwa sauti tu, serikali yenye wizara na vituo vya televisheni ilikuwa na nguvu kupita mtu wa Leicester mara elfu. Tofauti ilikuwa katika kukaguliwa. Taarifa ya serikali ilitaka msomaji aipokee. Maandishi ya Higgins yalimpa msomaji vifaa vya kuyapinga. Hapo ndipo kipimo cha Spence kinapotimia. Kuonyesha hatua za kazi yako kunakugharimu kidogo ikiwa kweli umezipitia, kwa sababu zipo tayari. Kunamgharimu mwongo mno, kwa sababu lazima abuni kila hatua, na kila hatua ya kubuni ni mahali pengine pa kunaswa.

Mtu atasema kwamba haya ni mambo ya vita na ndege, na yeye anauza makabati ya jikoni. Basi tuyatazame makabati. Ukurasa wa kwanza una picha ishirini za majiko yanayong'aa, yote ya nyumba za ughaibuni, na chini ya kila moja maneno yaleyale: kazi safi, bei poa, njoo inbox. Ukurasa wa pili una picha za kawaida zilizopigwa kwa simu. Jiko la kwanza linaonekana likiwa ukuta mtupu na futi kamba imelazwa juu ya saruji. Picha inayofuata ni ya mbao zikikatwa, na maelezo yanasema kwamba sehemu ya chini ya sinki ametumia marine board kwa sababu MDF ikilowa inavimba. Kisha jiko limekwisha, bei imetajwa pamoja na kilichomo na kisichomo. Miezi kadhaa baadaye fundi yuleyule amerudi jiko lilelile, akapiga picha ya mlango mmoja ulioanza kulala, akaeleza kwamba bawaba alizotumia zilikuwa nyepesi kwa mlango wa ukubwa ule, na kwamba amezibadilisha bila malipo. Mteja mmoja amelalamika hadharani kwamba kazi ilichelewa wiki mbili. Fundi hakulifuta lalamiko, amelijibu palepale kwa tarehe na sababu. Namba ya simu ni ileile tangu picha ya kwanza. Tapeli anaweza kuiga ukurasa wa kwanza kwa nusu saa. Ili aige wa pili itabidi ajenge majiko.

Hapa linaingia pingamizi la kwanza, nalo ni zito: anayekiri kosa hadharani anajiharibia. Ushahidi hauliungi mkono kama inavyodhaniwa. Mwaka 2006 Paul Resnick na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye mnada wa eBay. Postikadi za zamani zilizolingana ziliuzwa na muuzaji mmoja kwa majina tofauti: jina lake halisi lenye historia ndefu ya sifa nzuri, na majina mapya yasiyo na historia. Wanunuzi walikuwa tayari kulilipa jina lenye historia asilimia 8.1 zaidi. Lakini majina mapya yalipotiwa doa la lawama moja au mbili, bei waliyopata haikushuka kwa kiasi kilichoweza kugundulika. Postikadi si makabati, wala si ushauri wa kisheria, na daktari aliyekosea dozi hawezi kujifariji kwa jaribio hili. Hata hivyo linatufundisha mambo mawili: historia ndefu inayoonekana ina thamani ya fedha taslimu, na doa dogo silo linaloua jina. Tena mteja mwenye akili anajua hakuna fundi asiyekosea. Ukurasa usio na doa hata moja unamfanya ajiulize yaliyofutwa ni yapi.

Pingamizi la pili linatoka katika malezi yetu. Tumefundishwa kwamba kujisifu ni aibu, kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Wengi wenye ujuzi wa kweli hukaa kimya mtandaoni kwa sababu hiyo, wakiwaachia uwanja wale wasio na haya. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, ambako kizuri kinaonekana kwa macho na kupapaswa kwa mkono. Mtandaoni kizuri kisichowekwa hakionekani, na kisichoonekana hakijiuzi. Ila kuweka kazi mezani si kujisifu. Anayejisifu hutoa hukumu kuhusu nafsi yake, kwamba yeye ni bora, mahiri, bingwa. Anayeonyesha kazi hutoa ushahidi, akamwachia msomaji kazi ya kuhukumu. Mwalimu wa hisabati anayechapisha jinsi anavyomfafanulia mwanafunzi sehemu za desimali hajasema popote kwamba anajua kufundisha. Mzazi atakayetazama ataamua mwenyewe, na uamuzi alioufikia mwenyewe atautetea hata mbele ya wengine.

La tatu ni pingamizi la wenye haraka: mbona wanaotafuta kiki wanatajirika? Ni kweli, baadhi yao wanatajirika, na itakuwa unafiki kulikana. Umaarufu unalipa pale ambapo bidhaa ni burudani, kwa kuwa mtazamaji wa burudani hahitaji kukuamini. Anahitaji tu asichoke. Mambo hubadilika pale mtu anapotakiwa kukukabidhi fedha yake, afya yake au mtoto wake. Belle Gibson wa Australia alijipatia wafuasi wengi kwa kudai kwamba ana saratani ya ubongo na kwamba anaidhibiti kwa chakula. Akatoa programu ya simu na kitabu cha mapishi, na kampuni kubwa za teknolojia na uchapishaji zikambeba. Mwaka 2015 waandishi wa habari walipoanza kuuliza kuhusu fedha alizosema atazitoa kwa mashirika ya hisani, na baadaye kuhusu ugonjwa wenyewe, hakuwa na cha kuonyesha, akakiri kwamba hakuwahi kuwa na saratani. Mwaka 2017 mahakama ilimtoza dola 410,000 za Australia. Katika miaka yake ya utukufu jina lake lilivuma, na bado halikuweza kuhimili maswali mawili matatu ya kawaida.

Wapo watakaosema kwamba uwazi ni anasa ya walio salama. Mwanamke anayeweka sura yake mtandaoni hukumbana na matusi ambayo mwanamume hayapati. Mtumishi wa umma hawezi kusimulia ya ofisini. Wakili na mhasibu wana siri za wateja. Hoja hii ni ya haki, na jibu lake ni kwamba kinachotakiwa kukaguliwa ni kazi, si maisha. Higgins mwenyewe alianza kusomwa kwa jina la kupanga. JamiiForums, jukwaa la mijadala la Tanzania, imeendeshwa tangu mwaka 2006 huku wengi wa waandishi wake wakitumia majina ya bandia, na wasomaji wa muda mrefu wanajua kabisa ni jina gani la kupuuzwa na ni lipi likiandika jambo lazima uache chai isubiri. Mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji, na mwaka 2019 alipewa tuzo ya kimataifa ya Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, CPJ. Uaminifu wa majina hayo ya bandia umejengwa na kudumu kwake: jina lilelile, mwaka hadi mwaka, likiwa na maandishi ya nyuma yanayoweza kufukuliwa na kulinganishwa na yaliyotokea. Mhasibu naye hamtaji mteja wake hata mmoja anapoeleza, kwa tarakimu za kubuni, jinsi kodi ya mapato inavyokokotolewa.

Limebaki pingamizi jipya kuliko yote. Akili mnemba sasa inaweza kutengeneza picha ya jiko ambalo halijajengwa, ushuhuda wa mteja asiyekuwepo, na makala ya kitaalamu ya mtu asiye na taaluma. Je, ushahidi wowote una maana tena? Ushahidi wa aina moja umepungua thamani kweli, nao ni ule unaosimama peke yake: picha nzuri, makala nzuri, sifa nzuri iliyoandikwa na asiyejulikana. Uliopanda thamani ni ule uliofungamana na vitu vilivyo nje ya uwezo wako wa kubuni. Mteja halisi anayejibu maswali ya watu kwa akaunti yake ya miaka minane ni ushahidi wa namna hiyo. Utabiri ulioandikwa kabla ya tukio, ukabaki pale ulipo hata uliposhindwa, ni mwingine. Leseni ambayo namba yake inaweza kutafutwa kwenye daftari la chombo kilichoitoa ni mwingine tena. Kadiri uongo unavyokuwa rahisi kutengeneza, ndivyo watu watakavyouliza zaidi ni nani mwingine anayejua jambo hili.

Kutokana na hayo, kazi ya kujijengea jina inaanza mbali na mahali ambapo wauzaji wa kozi za chapa binafsi hukuelekeza. Haianzi na nembo, rangi za ukurasa wala mpiga picha. Inaanza na kuchagua jambo dogo kiasi kwamba unaweza kulijua kuliko watu wengi wa eneo lako, maana anayejua kila kitu hakuna anayeweza kumkagua. Inaendelea kwa kutumia jina moja kila mahali na kutolibadilisha. Inataka useme waziwazi pale unapolipwa kusifia bidhaa, kwa kuwa sifa moja ya kulipwa iliyofichwa, ikigunduliwa, inazitia shaka zote mia za kweli. Na inataka subira. Majina mapya ya eBay yalipata bei ndogo kwa bidhaa zilezile, na wewe pia utapata bei ndogo mwanzoni, hata kama kazi yako ni bora. Punguzo hilo ndilo karo ya mgeni, na hakuna njia ya mkato ya kulikwepa isiyokuweka kundi moja na matapeli.

Basi msomaji, fungua ukurasa wako leo na uusome kama mtu asiyekujua, aliyewahi kutapeliwa, na mwenye laki tatu ya kutoa. Hesabu ni mambo mangapi pale anayoweza kuyahakiki bila kukupigia simu. Kama hakuna hata moja, usihangaike kutafuta wafuasi zaidi. Chagua kazi moja uliyoimaliza, pata ridhaa ya mteja, uiweke yote, mwanzo hadi mwisho pamoja na kilichoharibika, halafu fanya hivyo kwa kazi inayofuata.